Mkwilima wa Brazil

Danford Mayige ni fundi wa mabomba ya kupulizia dawa ya pamba, mimi ni fundi cherehani, na sote wawili tunakalia kibaraza kimoja karibu na stendi ya Bariadi. Ukuta wetu mmoja, kivuli chetu kimoja, na masikio yangu, kwa bahati mbaya, hayana mlango. Ndiyo maana habari zake nazijua kuliko nilivyopenda kuzijua.

Nianze kwa kumsifu, maana huko mbele nitamsema. Bomba likija kwake limeziba, linavuja au limekanyagwa na ng'ombe, litaondoka linatema dawa vizuri. Hanywi, hapigi, hadaiwi. Na hana maneno. Hapo kwenye kukosa maneno ndipo ulipo ugonjwa wake. Danford hawezi kumwambia mtu jambo moja kwa moja. Akitaka nisogeze meza yangu kidogo apate mwanga, hanigeukii aseme. Anangoja aje mteja, anamwambia mteja, mteja ananiambia mimi, na mimi nipo pale pale, nimesikia tangu mwanzo. Siku za kwanza nilidhani ni kejeli, nikamjibu vibaya. Baadaye nikajua ni adabu. Alilelewa Malampaka na babu yake, mzee aliyeamini kwamba neno lisilopitia kwa mtu wa kati ni sawa na kula bila kunawa.

Mke wake ni Benedikta, mwenyeji wa Kimali kule Meatu, mwanamke wa kucheka hadi anashika ukuta. Nilishangaa siku zote wawili hao walioanaje, mpaka nilipoambiwa kwamba posa nzima ilifanywa na washenga na bwana harusi alifungua mdomo mara moja tu, mbele ya padri, kwa sababu padri alikataa kupokea jibu kwa mtu mwingine.

Sasa, kwetu Usukumani mkwilima, yaani mume wa binti, hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Wakionana njiani, mmoja anaingia porini. Ikishindikana, mama anajitupia kanga kichwani na mkwilima anaangalia juu kana kwamba ameona ndege. Hawashikani mikono, hawali sahani moja. Siku hizi wengi wamelegeza. Nawajua wakwilima wanaopiga picha na mama wakwe zao wakiwa wameegemeana mabega, na mvua zinaendelea kunyesha. Danford hakulegeza. Danford alikaza.

Balaa lilianza Benedikta alipopasuliwa kidole tumbo hapa hospitalini. Mama yake, bibi Nyamizi, mjane, alipanda basi kutoka Kimali akaja kumuuguza. Danford aliposikia mama mkwe yuko kando ya kitanda cha mke wake, hakuingia wodini hata mara moja. Alisimama nje ya uzio, juani, na chupa ya uji mkononi. Mimi ndiye niliyekuwa naipokea.

"Mama Kabula, muulize anaendeleaje."

Naenda, naulizia, narudi. "Anaendelea."

"Mwambie pole."

Naenda, narudi. "Anasema ameshapoa."

"Muulize kama uji ulikuwa na sukari ya kutosha."

Cherehani yangu ililala wiki nzima. Wauguzi walikuwa wananisalimia kwa jina. Benedikta aliporuhusiwa alitoka kwa mlango mwingine, akapanda basi na mama yake wakaenda zao Kimali. Hakuaga. Nguo zake bado zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba nyumbani kwa Danford, na Danford hakuzianua. Jua likazipausha, mvua ikazinyeshea, jua likazipausha tena.

Alikuwa anampenda mke wake. Nalisema hili wazi kwa sababu anayemtazama kwa nje anaweza asilione. Alianza kukaza nati mpaka zinakatika. Alikonda, shati likawa linaning'inia. Siku moja nilimkuta ameshika bomba tupu analipuliza hewani, pyuu, pyuu, macho yako mbali, na roho ikaniuma.

Basi nikakubali kwenda Kimali kuwa mshenga. Benedikta alinipokea kwa wali na kuku, akanisikiliza vizuri, akanijibu kwa maneno machache: "Kama ana neno, alilete mwenyewe." Bibi Nyamizi akaongeza kutoka jikoni, bila kutoka: "Na mshenga mwingine akikanyaga hapa nitamfungulia mbwa." Nilipeleka ujumbe. Danford hakuamini, akamtuma katekista Mahona, mtu wa kuheshimika. Katekista alirudi anachechemea.

Hapo ndipo fundo lilipokaza. Danford alinieleza mwenyewe, kupitia kwa mteja aliyekuwa amekuja kufuata bomba lake. Mke aliyerudi kwao huombwa kwa wazazi. Baba mkwe alishafariki, amebaki mama mkwe. Mama mkwe hasemeshwi na mkwilima. Washenga wanaliwa na mbwa. Sasa neno alipeleke mwenyewe kwa nani, na kwa mdomo wa nani?

"Mpigie mama simu," nilisema.

Akamwambia mteja aniambie kwamba sauti ina mdomo, na mdomo uko usoni.

Mteja alichukua bomba lake akaondoka bila kuuliza bei.

Kibanda cha tatu kutoka kwetu yupo Novatus, fundi simu. Siku hizo watu walikuwa wanamletea simu awawekee VPN, maana kuna vitu mtandaoni vilikuwa havifunguki. Siku moja alikuwa anamweleza mteja wake kwa sauti ya juu, kama kawaida yake: "Ukiiwasha hii, simu yako inachimba handaki. Kila unachotuma kinapita humo kimefunikwa mpaka Finland. Kikishatokeza Finland ndipo kinaendelea na safari. Anayepokea anaona kimetoka kwa mtu wa Finland. Wewe haupo kabisa."

Danford aliacha bisibisi ikaanguka.

"Mama Kabula," alisema, "muulize Novatus, huyo wa Finland ananijua?"

Novatus yuko hatua chache tu, amesikia kila kitu, lakini nikamuuliza. Nilishazoea.

"Lazima akujue," Novatus akanijibu mimi, naye ameshaambukizwa. "Asipokujua atakurudishiaje majibu?"

"Muulize, na ninakokwenda anakujua?"

"Na unakokwenda anakujua."

Danford akatikisa kichwa kwa huzuni. "Huyo ni mshenga mmoja. Mshenga mmoja anajua pande zote mbili, na anayejua pande zote mbili hakosi kuropoka." Akaniangalia. Tusi hilo nililiweka kwenye hesabu zangu.

Novatus hapendi kushindwa. "Mwambie ipo programu ya handaki ndani ya handaki," alisema. "Unachotuma kinafunikwa mara mbili. Wa kwanza anakujua wewe ila hajui unakokwenda, anajua tu kwamba anakupeleka kwa wa pili. Wa pili anajua unakokwenda ila hakujui wewe, anajua tu umeletwa na wa kwanza. Hakuna mwenye habari nzima."

Danford alisimama. Tangu nimfahamu sikuwahi kumwona anasimama kwa sababu ya mazungumzo.

"Hao," alisema, na machozi yalikuwa yanamlenga, "hao ndio washenga."

Akawekewa. Yeye hakuridhika na mahandaki mawili, akataka matatu: aingie Finland, apite Iceland, atokee Brazil. Nilimuuliza kwa nini Brazil, akasema ni mbali. Hoja yake, aliyoninong'oneza kwa fahari, ilikuwa hii: anayetokeza mwisho wa handaki ni mtu wa Brazil, na kati ya mtu wa Brazil na bibi Nyamizi wa Kimali hakuna ukwe wowote.

"Lakini sauti si itakuwa yako?" nilisema.

"Inafunikwa hapa, inafunuliwa Brazil. Ikifunuliwa Brazil ni ya huko." Alipoona nimekunja uso, akaongeza: "Pamba ya shamba langu ikienda ng'ambo ikarudi shati, utaliita shati hilo pamba ya Mayige?"

Mimi ni fundi nguo, na nikashindwa kwa hoja ya shati. Hilo liliniudhi kuliko yote.

Akasajili laini mpya ya kupigia simu za mtandaoni, akaiwekea jina Mtu wa Mbali na picha ya mlima wenye theluji. Ungedhani atapiga simu siku hiyo hiyo. Wapi! Alisema mtu hawi Mbrazil kwa ghafla, lazima azoee. Akawa anawasha mahandaki asubuhi mpaka jioni. Simu ikaanza kumletea matangazo ya sabuni kwa Kireno. Ramani ikimtafuta inamkuta kando ya bahari. Programu ilimwonyesha saa za huko, naye akazifuata. Nikimwekea chai ya saa nne anaangalia simu, anasema, "Asante, ila huku bado alfajiri," na chai inapoa hapo mbele yake huku tumbo lake linanguruma kwa saa za Bariadi.

Ilikuwa msimu wa kupulizia, wakulima wamejaa. Mzee mmoja alifika na bomba mgongoni.

"Fundi yupo?"

"Amesafiri," alijibu Danford, spana mkononi.

Mzee akamtazama, akaitazama spana. "Anarudi lini?"

"Hajasema."

Mzee akanigeukia mimi. Nikamwambia, "Mpe tu bomba, baba. Mikono kaiacha." Na kweli alilitengeneza, akalikaza vizuri, ila alikataa kupokea asante kwa niaba ya mtu asiyekuwepo. Nilitamani kumpiga na pasi ya mkaa. Nilimwambia, "Danford, mke wako yuko Kimali anakungoja wewe unajifunza Kireno!" Akaniambia nisipige kelele, huko watu wamelala.

Siku ya kupiga ilikuja Alhamisi moja, mchana, mvua imetoka kupita na sisi bado tuko ndani ya kibanda. Aliiweka simu juu ya meza ya cherehani yangu, akaiweka kwenye spika, kisha akaipa mgongo na kuchuchumaa akitazama ukuta. Hakutosheka, akachukua gauni la mteja wangu, la sherehe, akajifunika kichwa. Mimi ndiye niliyebonyeza. Novatus alikuja akasimama mlangoni kuangalia handaki lake linavyofanya kazi.

Bibi Nyamizi ana simu nzuri ya mtandao, alinunuliwa na mwanawe aliyeko Dar. Ikaita muda mrefu, kwa sababu mwito ulikuwa unazunguka dunia ili ufike Meatu. Ikapokelewa.

"Mwadila," sauti ya bibi ilisalimia.

Salamu zetu ni ndefu, na sauti ya Danford ilikuwa inakwenda Finland, Iceland na Brazil ndipo igeuke irudi Kimali. Bibi akiona kimya anauliza jingine. Kwa hiyo upande wa Kimali, nilivyokuja kuelezwa, kila jibu lilifika likakuta swali lake limeshaondoka. Aliuliza, "Mhola?" yaani habari, akaletewa salamu ya mwanzo, "Mwadila, mayu," yaani mama. Aliuliza ng'ombe wazima, akaambiwa, "Mhola duhu," nzuri tu. Akauliza, "Na mzee wako hajambo?" akajibiwa, "Wamenenepa, majani mengi." Akauliza, "Na mbwa mnaye?" na hapo ndipo lilipofika jibu la mzee: "Alifariki, mayu. Tulimzika Malampaka."

Hapo bibi akaacha salamu.

"Wewe nani?" bibi aliuliza polepole.

"Mimi mtu wa Brazil, mayu."

"Malampaka ya Brazil?"

Gauni likatikisika. "Ndiyo. Na huko ipo."

Novatus alijiziba mdomo kwa mikono miwili akatoka nje. Mimi niliuma kipande cha kitambaa. Nikangoja bibi akate simu, au atukane, au aite mbwa. Hakufanya hata moja.

"Haya," alisema. "Ni vizuri umepiga, mtu wa Brazil. Wewe si mtu wangu, wala mimi si mtu wako, naweza kukwambia jambo."

"Niambie, mayu."

"Ninaye mkwilima huko Bariadi. Mila yetu hainiruhusu kumsemesha. Tangu amuoe mwanangu nina maneno yake hapa kooni, na hakuna wa kumpa. Washenga wanayaongezea chumvi." Nikakohoa. Akaendelea. "Mwanangu alipopasuliwa, mimi nilikaa naye. Asubuhi ya kwanza nikajifunika kanga, nikahamisha kigoda changu nyuma ya mlango, nikasema mkwilima akija apite asinione. Hakuja. Nikasema labda ananiogopa, nikatoka nje nikaenda bombani, nimpe nafasi. Nikarudi, hakuja. Nikatoka tena. Nikatoka na kurudi, nikatoka na kurudi, mpaka muuguzi akaniuliza, bibi, unaharisha?"

Nilikuwa nacheka, na nikagundua ninalia. Mimi nilikuwa nimepishana naye hapo mlangoni kila nilipopeleka uji. Nilimwona na kanga yake kichwani, nikadhani anaona baridi.

"Mtu wa Brazil, unanisikia?"

"Nakusikia, mayu."

"Mila haikuwekwa ili mwanangu alale peke yake na kidonda. Mimi najificha ili yeye aonwe. Kujificha ni kazi yangu mimi na mkwilima wangu, sisi wawili. Kati yake na mke wake mila gani imekaa? Nani alimwambia na mke naye anakwepwa?"

Gauni likaegemea ukuta. Nilidhani neno limekwama huko baharini.

"Nikuulize na wewe," bibi alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Una mke?"

"Ninaye, mayu."

"Ana simu?"

"Anayo."

"Tangu akuache umempigia?"

Niliangalia simu. Programu ilikuwa inaonyesha mahandaki yote matatu yako wazi, kijani kibichi, yanapitisha vizuri. Hakukuwa na kilichokwama. Alikuwa Danford tu, chini ya gauni la watu, amenyamaza.

Na mimi mwenyewe nikajiona bure kabisa. Nilikwenda Kimali nikala kuku, nikaleta neno la Benedikta kama lilivyo, "alilete mwenyewe", na wala sikuwaza kwamba aliposema alilete alikuwa na maana alilete kwake yeye. Wote tulikimbilia kwa mama. Hata katekista aliyeng'atwa, aling'atwa bure.

"Basi mimi ninakata," bibi Nyamizi alisema. "Wabeja kwa kunipigia. Huko kwenu salimia." Akakata.

Danford alivua gauni kichwani. Uso wake ulikuwa umelowa, sijui kwa joto au kwa nini, sikumuuliza. Akaichukua simu mwenyewe. Akafunga Brazil, akafunga Iceland, akafunga Finland. Akarudisha laini yake ya zamani, yenye jina lake, akatafuta jina la mke wake. Halafu akanitazama mimi, na nikaijua ile sura: alitaka kusema, Mama Kabula, muulize.

"Hapana," nilimwambia. "Leo sipo. Nimesafiri."

Akabonyeza, spika nayo kwa mazoea. Nilitaka kutoka nje, naapa nilitaka, lakini nilikuwa nimeshashona nusu ya mkono wa gauni jingine na sindano ilikuwa ndani ya kitambaa.

Ikaita kidogo tu.

"Haloo," Benedikta alisema. Hakukuwa na kuchelewa hata kidogo, sauti yake ilikuwa hapo hapo kibandani.

Danford akaisogeza simu mdomoni. Hakukuwa na mtu wa kati hata mmoja, na maskini hakujua mtu anaanzaje.

"Kidonda kimepona?" aliuliza.

Kuku walisikika kule Kimali, na mtu akisogeza kigoda.

"Hukuwahi kuniuliza," Benedikta alisema.

"Ndiyo nakuuliza."

"Kwa nje kimefunga." Akavuta pumzi. "Kinauma nikiinama kuchota maji."

"Basi usiiname," Danford alisema. "Nakuja."

Akatoka bila kufunga kibanda, akakimbia kuelekea kwenye basi la Mwanhuzi, huko Meatu, na mikono yenye grisi, na mabomba ya watu nikayaingiza ndani mimi.